Sauti Nene Mlangoni

Tarehe 9 Januari

Mama Mkubwa wangu,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na vidole vimekubali kufunga vifungo bila ugomvi. Sisi huku wazima. Mume wangu anakusalimu sana. Lile shuka ulilotupigia pasi ulipokuja kututembelea bado hajathubutu kulilalia, analitunza kabatini kama cheti. Mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele, na sasa akisema "sisi" anapiga mluzi. Nimekupigia simu mara tatu, na mara zote tatu amepokea jirani yako fundi viatu, akasema simu umemwachia yeye kwa sababu inakupigia kelele sikioni na huambulii hata neno moja. Haya basi, tumerudi kwenye karatasi, kama nilipokuwa shule ya bweni nikikuandikia kuomba sabuni.

Nina shida, na mwenye dawa ni wewe.

Unaijua kazi yangu, ile unayoiita kuajiriwa kucheza na watoto wa watu. Chumba changu pale kituoni kina meza fupi, viti vinne vya plastiki, mkeka, na kopo la kalamu za rangi. Wanaletwa watoto wasiolala, wasiokula, wasiosema. Siwahoji. Nawasimulia hadithi, kisha nawapa karatasi wachore wanachotaka, na mara nyingi kile wanachochora ndicho kilichowaleta.

Sasa ninaye binti wa miaka saba. Jina lake silitoi nje ya chumba, kwa hiyo nitamwita Bibi Rangi, maana kila akija anamaliza kalamu nyekundu. Mama yake alikwenda nchi ya mbali kutunza wazee wa watu, akakaa miaka mitatu. Amerudi mwezi uliopita kwa likizo, na mwisho wa mwezi wa tano lazima aondoke tena. Mtoto kamkataa kabisa. Anasema, "Huyu si mama. Mama hakuwa na sauti hii." Akimsikia sebuleni anakimbilia chumbani na kuweka kiti nyuma ya mlango.

Palepale nikaikumbuka hadithi yetu. Ile ya mama anayekwenda kuchanja kuni, anamwacha kitinda mimba wake ndani, na akirudi anaimba:

Komeo ni lako, mlango ni wangu,
nyayo wazijua, fungua mwanangu.

Halafu zimwi linajifunza ule wimbo, linakuja kuimba, na mtoto anajibu: "Sauti ya mama nyembamba kama uzi, yako nene kama kamba. Nenda zako!" Mpaka hapo ninayo yote. Mwisho ndio sina. Nimeutafuta kichwani wiki nzima. Nadhani nimeupoteza kwa sababu kwangu hadithi ile iliishia kwingine, siku zimwi lilipokuja kwetu.

Unakumbuka? Nilikuwa na miaka sita. Ukienda kazini ulikuwa unaniacha nafunga komeo kwa ndani, na ukirudi unaimba ule wimbo ndipo nafungua. Basi siku moja mchana, jua kali, likaja. Likaimba wimbo wote bila kukosea, kwa sauti ya gunia la mkaa linaloburutwa kwenye saruji. Nikajibu kama kitinda mimba. Likaimba tena, nikajibu tena, likaenda zake. Uliporudi nikakupigia domo mpaka ukakaa chini, kisha ukanikaangia mayai mawili, yote yangu peke yangu, ukawa unanitazama nikila. Leo najua nilijitungia. Mtoto anayekaa peke yake huota macho wazi, na kwa mtu wa kazi yangu hilo si siri. Lakini ushujaa wa siku ile ndio ulionikuza.

Nitumie mwisho wa hadithi. Usinipige chenga.

Mwanao,
Kidomo


Tarehe 2 Februari

Kidomo mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima kwa kiasi cha mtu wa umri wangu, yaani kila kiungo kina siku yake ya kugoma. Fundi viatu amepaka mlango wa kibanda chake rangi ya bluu, na sasa mtaa mzima unamuuliza kama ameoa. Mwambie mumeo shuka ni la kulaliwa. Kama anataka kitu cha kutunza kabatini nitamtumia picha yangu.

Sasa hili la hadithi. Nimepiga pasi mashuka ya hospitali miaka thelathini na moja, na hakuna hata daktari mmoja aliyewahi kuniuliza shuka lina maana gani. Hadithi nayo ni hivyo hivyo. Mama yetu alitusimulia, mimi na mama yako, ili tukae kimya apumue. Zimwi ni zimwi, mlango ni mlango, na mtoto asiyesikia analiwa. Mwisho siukumbuki. Nafikiri walikula wakalala.

Huyo binti mwacheni, atamzoea mama yake. Shuka jipya nalo hukataa kukunjika, siku ya tatu linakubali.

Na hiyo siku unayoisema siikumbuki. Ulikuwa mtoto wa maneno mengi, leo zimwi, kesho simba juu ya paa. Ningekaa kuyakumbuka yote ningepiga pasi saa ngapi? Na yai lilikuwa moja.

Wasalimie wote.

Mama yako Mkubwa


Tarehe 20 Februari

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai, nikajua umeiandikia jikoni. Huku mvua imetuchosha, nguo hazikauki. Mjukuu wako amepata jino moja jipya na anadai ni la mtu mzima, kwa hiyo hataki kutumwa tena.

Nimekucheka sana. Siku yenyewe huikumbuki, ila idadi ya mayai unaikumbuka! Nawe bado hujambo kwa ubishi.

Lakini ngoja nikueleze kwa nini nang'ang'ania, maana naona unafikiri ni utoto. Mwaka jana mtoto mmoja alinichorea mama wa kambo wa hadithi, yule mkatili anayemnyima binti maji. Amemchora na makucha, na masikioni amemvika hereni. Mama mzazi wa mtoto alikuwa amekaa nje ya chumba na hereni zile zile. Hapo nikaelewa kwa macho kile nilichokuwa nimekisoma kwa miaka. Mtoto hawezi kumchukia mtu anayempikia, ataishi vipi? Kwa hiyo anamgawa mafungu mawili. Fungu jema analiita mama, fungu linalofoka na kupiga analiita mama wa kambo, au mchawi, au zimwi, na kwenye hadithi anaruhusiwa kulisukuma shimoni bila kuadhibiwa. Kitinda mimba naye ndiye anayeshinda siku zote, kwa sababu kila mtoto akiinua macho anaona magoti ya watu, na anahitaji kuambiwa kwamba aliye chini ya wote ana njia yake. Hadithi ni mahali pa kuogopea kwa usalama.

Na zimwi la kwetu, lile linaloimba wimbo wa mama? Nimelifikiria sana. Nadhani ni mama mwenyewe, amerudi akiwa amebadilika kiasi kwamba mtoto hamtambui.

Hata siku ile yangu nimeifasiri hivyo. Mama yangu alikwenda kufanya kazi mji mwingine nikiwa na miaka minne, akaugua huko, akafa huko, hakurudi kuniona hata mara moja. Nilimngoja, Mama Mkubwa. Hukujua, ila nilikuwa nahesabu nyayo za watu barabarani. Basi nikajitengenezea mtu wa kuja mlangoni, na kwa hasira ya kungoja nikamtengeneza zimwi ili nipate kumfukuza. Ni huzuni, lakini ni yangu, nimeshaizoea.

Ndiyo niliyomsimulia Bibi Rangi juzi. Nilitaka aone kwamba hofu yake si ya ajabu, kwamba hata mimi nililisikia zimwi nikasimama imara. Alipiga makofi! Akachora mlango mkubwa mwekundu ukurasa mzima. Nilifurahi. Ila jana bibi yake ameniambia kwamba sasa anaweka viti viwili nyuma ya mlango, na mama yake akiita anajibu, "Yako nene kama kamba."

Nahitaji ule mwisho. Nimempa nusu ya hadithi, na hiyo nusu ameichukua kama silaha.

Kidomo


Tarehe 14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mvua huku pia. Bati la jikoni linavuja, nimeweka sufuria. Vidole vibaya, sitaandika mengi.

Mwambie hadithi nyingine. Zipo za sungura, zinachekesha.

Hayo uliyoandika kuhusu zimwi na mama, nani amekufundisha?

Mama yako Mkubwa


Tarehe 2 Aprili

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Natumaini bati limezibwa; nimemwomba fundi viatu akutafutie mtu.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko mistari yake. Wewe huulizi maswali bure. Wewe ulinilea kwa majibu, maswali ulikuwa huna muda nayo. Kwa hiyo nakuuliza mimi: kuna nini?

Jana nilikaa na mama yake Bibi Rangi kwenye benchi la nje. Mikono yake imepasuka kwa dawa za kusafishia. Miaka mitatu amekuwa akizungumza na wazee wasiosikia, anapaza sauti kutwa nzima, na koo limekwaruzika halijarudi. Aliniambia, "Dada, usiku wa kwanza nilimwimbia wimbo niliokuwa namwimbia akiwa mchanga. Akaziba masikio." Zimebaki wiki nane. Sasa hivi anaweka chakula mbele ya mlango wa chumba, anagonga, anaondoka, ndipo mtoto anafungua. Anakula chakula cha mama yake huku amemfungia nje.

Nimemjaribu mtoto kwa hadithi nyingine tatu, hata ya sungura. Anacheka, kisha anachora mlango.

Kama umesahau, niambie kwa kiapo kwamba umesahau, na sitakusumbua tena. Kama hujasahau, usinyamaze kwa ajili yangu. Mimi ni mtu mzima.

Kidomo


Tarehe 6 Mei

Kidomo mwanangu,

Marahaba. Bati limezibwa. Kijana aliyekuja alikuwa na mikono mizuri na mdomo mbaya. Mimi mzima.

Nimeanza barua hii mara tano. Nne nimezitia jikoni kuwashia moto. Hii nimeiandikia kwa fundi viatu, kwenye meza yake, ili nikitoka humu niende moja kwa moja kuituma kabla sijageuza mawazo. Acha nipasue jipu.

Nianze na mwisho wa hadithi, maana ndio uliouomba. Mama yetu aliusimulia hivi. Zimwi linafukuzwa. Siku nyingine anakuja mama mwenyewe, amenyeshewa siku nzima porini, sauti imekauka, anaimba na mtoto anamkatalia. Mama hakasiriki. Mtoto anasema, "Kama ni wewe, nipe mkono wako chini ya mlango." Mama anapitisha mkono. Mtoto anaushika, anaupapasa, anakuta kovu la shoka alilolijua, anafungua. Zimwi haliwezi kuwa na mkono wa mama. Hapo ndipo inapoishia.

Mimi niliukata mwisho huo. Mlango wetu ulikuwa na nafasi pana chini, unaikumbuka, panya walikuwa wanapita wamesimama. Nilikuwa nakuacha peke yako kutwa nzima, na niliogopa utakuja kumshika mkono mtu yeyote atakayeuingiza. Kwa hiyo nikakufundisha kwamba sauti nene ni zimwi, basi. Sikuona ubaya. Nilikuwa nakulinda kwa kitu pekee nilichokuwa nacho.

Kidomo, mama yako alirudi.

Alikuwa amepasuliwa koo huko hospitalini alikolazwa. Alitoka, akapanda gari la asubuhi, akaja moja kwa moja nyumbani bila kunitaarifu. Wimbo aliujua, ulikuwa wetu sote wawili. Akauimba mara mbili. Wewe ukamjibu kama nilivyokufundisha.

Kisha akaja kazini kwangu. Nilikuwa kwenye mashine ya kunyooshea mashuka, mvuke umejaa, nikaona mtu amekaa juu ya kapu la mashuka machafu na kitambaa shingoni. Sikumtambua mara moja. Alikuwa anacheka. Akasema kwa ile sauti yake mpya, "Mwanao amenifukuza. Ameniambia niko nene kama kamba." Akacheka mpaka akakohoa. Alisema "mwanao" kwa utani. Sikumsahihisha.

Nilimuuliza, "Na wewe ukamwambia nini?" Akatikisa kichwa tu, akapangusa macho. Miaka yote hii sijui alikujibu nini.

Akaniomba jambo dogo sana. Tutoke pamoja jioni, mimi niimbe, mlango ufunguliwe, yeye aingie nyuma yangu. Basi. Na mimi, dada yake wa tumbo moja, nikamwambia, "Mtoto ameshazoea. Utamtisha. Rudi kwanza ukamalize dawa, koo likikaa sawa uje." Nilisema hivyo kama mtu mwenye busara. Ukweli ni kwamba ulikuwa umeanza kuniita mama, siku nyingine ukisahau hilo "mkubwa", na nilikuwa sijawahi kuitwa hivyo na mtu. Niliogopa atakuchukua. Nikamsindikiza kituoni wakati wa chakula cha mchana, nikarudi kwenye mashuka yangu. Alikufa baada ya miezi minne. Koo halikukaa sawa.

Niliporudi jioni ile ukanirukia, "Mama Mkubwa, nimelishinda zimwi!" Ilikuwa nafasi yangu. Ningekaa chini nikuambie, mama yako yuko hai, kesho tunamfuata. Badala yake nikakusifu. Nikakukaangia mayai. Yalikuwa mawili, Kidomo. Yalikuwa mawili, na nilikaa nikikutazama ukila kwa sababu sikuweza kufanya kitu kingine.

Halafu ukakua, ukasoma, ukaja na maelezo yako, kwamba ulijitungia, kwamba zimwi ni hili na mlango ni lile, na mimi nikajificha nyuma ya elimu yako. Kila ulipoifasiri siku ile nilipumua. Mpaka barua ile ya Februari, uliposema zimwi ni mama amerudi. Niliiacha mezani siku tatu nikapita kando yake kama ninayemwogopa mbwa.

Mkono wake wa kulia ungeujua. Kidole gumba kilikuwa kimepinda. Mimi ndiye niliyembana na mlango tukiwa wadogo.

Mpe huyo binti mwisho wake. Nimechelewa, lakini mpe.

Mama yako Mkubwa


Tarehe 19 Juni

Mwanangu,

Najua barua ilikufika, fundi viatu alipiga simu kituoni kwenu akaambiwa. Siombi majibu. Nataka tu kujua kama mnaumwa huko, na kama mtoto meno yametoka yote.

Mimi mzima. Mlango wangu siku hizi siufungi mchana.

Mama yako Mkubwa


Tarehe 25 Julai

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Hatuumwi. Meno yametoka, makubwa kuliko uso. Mume wangu amelilalia lile shuka hatimaye. Alilitandika mwenyewe siku nilipokuwa sitoki kitandani, akasema kama kuna siku yake basi ndiyo hii.

Nimekaa miezi miwili bila kukuandikia. Sikuwa nakuadhibu. Kila nikishika kalamu nilikuwa natukana, na sikutaka uyasome matusi yangu kwenye meza ya fundi viatu.

Kwanza yule binti. Barua yako ilifika zikiwa zimebaki siku kumi na moja. Nilimwita Bibi Rangi, nikakaa naye kwenye mkeka, nikamwambia, "Nilikosea ile hadithi yangu. Halikuwa zimwi." Akanikazia macho, akauliza, "Lilikuwa nani?" Nikamwambia. Akabandua karatasi ya kalamu nyekundu yote mpaka ikabaki uchi. Kisha akauliza, "Sasa wewe ungejuaje?" Ndipo nikampa mwisho wa bibi yangu, mkono chini ya mlango, kovu la shoka na yote.

Kesho yake nilikwenda kwao, kitu ambacho kazini huwa hatufanyi. Mama yake alilala kifudifudi kwenye korido, akapitisha mkono chini ya mlango wa chumba. Mkono wenyewe ulikuwa umepasuka, umekuwa wa mtu mwingine, nami moyoni nikasema tumekwisha. Halafu tukasikia kalamu. Mtoto alikuwa anauchora mkono palepale sakafuni, anazungusha rangi nyekundu kidole kwa kidole, taratibu, na mama amelala hapo hathubutu hata kupumua. Alipofika kwenye kidole kidogo akasimama. Akasema, "Hiki hakina kucha upande mmoja." Mama akajibu, "Uliniuma ulipokuwa unaota meno." Viti vikaanza kuburutwa.

Walipata siku tisa. Nimemwona mtoto tena wiki iliyopita, anakula vizuri na analala. Lakini ni siku tisa tu, Mama Mkubwa. Ungeniambia Februari wangepata miezi mitatu. Nalisema hili mara moja, sitalirudia.

Sasa mimi. Sijakusamehe. Najaribu, na siku nyingine nafika karibu, kisha nakumbuka "utamtisha" na narudi nilikotoka. Ulinipikia, ulinisomesha, ulinikalia kitandani nilipougua surua, na uliniacha niamini miaka thelathini kwamba sikustahili hata safari moja ya gari. Vyote ni wewe. Ningekuwa na miaka saba ningekugawa mafungu mawili, mambo yangekwisha. Katika umri wangu lazima nikubebe mzima mzima, na ni mzigo.

Najilaumu pia mimi mwenyewe. Michoro ya watoto mia na zaidi nimeitafutia maana, na siku yangu moja nimeigeuzageuza maana yake maisha yangu yote. Sikuwahi kumuuliza mtu kama ilitokea.

Nitakuja mwezi ujao, wiki ya pili. Nitakuja peke yangu. Najua masikio yako, kwa hiyo kama mlango utakuwa umefungwa nitapitisha mkono chini.

Ulisema hujui mama alinijibu nini. Mimi najua. Katika ile hadithi yangu kulikuwa na maneno ambayo sikuwahi kumsimulia mtu, hata wewe jioni ile, hata watoto. Niliyaacha kila mara kwa sababu hayakufaa, zimwi halisemi hivyo, na katika kufasiri kwangu sikuwa na pa kuyaweka. Baada ya kumfukuza mara ya pili nilisikia amekaa chini, mgongo umeegemea mlango, mbao zikalia. Akakaa kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ile ile nene, polepole:

"Umefanya vizuri, mwanangu. Hivyo hivyo. Usimfungulie mtu."

Kidomo